Nusu ya Maneno ya Daktari

Mtu akiniuliza upweke ni nini, simwambii habari za kulala chumba kitupu. Namwambia ni kukaa ndani ya nyumba ya jirani, wanawake wanane mmezunguka sufuria moja ya chai, na wewe peke yako huna kikombe mkononi. Unasema umeshiba, unasema tumbo linauma, unasema umetoka kunywa sasa hivi. Wanakutazama. Mwisho unaaga mapema, na kabla hujafika mlangoni mwako unasikia wameanza kucheka, na hujui kama wanakucheka wewe au wanacheka mambo yao.

Chai ya shambani siku hizo haikupikwa kwa vipande vipande kama ya hotelini. Maziwa, maji, majani na sukari vyote vilitumbukizwa pamoja, vikachemka mpaka vikapanda, vikashushwa, vikapandishwa tena. Hakukuwa na chai yenye sukari na chai isiyo na sukari. Kulikuwa na chai. Ukiikataa sukari umeikataa sufuria nzima, na ukiikataa sufuria umemkataa mwenye nyumba. Tena sukari yenyewe ilikuwa adimu, mtu aliibana bana wiki nzima ili mgeni akija asione aibu. Halafu mgeni mwenyewe anafunga mdomo.

Tulikaa Ndabibi, ng'ambo ya magharibi ya ziwa la Naivasha, katika shamba la ng'ombe wa maziwa la mzungu mmoja. Ilikuwa miaka ya hamsini, siku za hali ya hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka wapigania uhuru, wakati mtu hakutoka shamba moja kwenda jingine bila barua ya ruhusa. Mume wangu aliendesha lori la maziwa: alfajiri anapakia mitungi, anaipeleka Naivasha, saa sita mchana amerudi. Mimi nilikuwa nimetoka Nakuru, mtoto wa mfanyakazi wa reli, msichana wa kambi za reli aliyejua kusoma na kujibu. Kabila langu halikuwa lao. Kwa hiyo mimi na mama mkwe wangu tuliongea Kiswahili, yeye kile chake cha shambani na mimi kile changu cha mjini, na kila mmoja alimwona mwenzake anakiharibu.

Mwaka wa kwanza wa ndoa nikashikwa na kiu. Sisemi kiu ya jua. Nilikunywa maji ya mfereji wa lusene, yale majani ya kulisha ng'ombe, kwa mikono, nikarudi nyumbani nikanywa mtungi, nikalala na kopo kando ya kichwa. Na kila nilichokunywa kilitaka kutoka saa hiyo hiyo. Nguo zikaanza kunipwaya. Wengine pale kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba, walisema ni kifua kikuu, wengine wakasema nimetupiwa jicho huko huko mjini nilikotoka. Mama mkwe hakusema kitu, lakini asubuhi moja alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, pale nilipokuwa nikijisaidia nikishindwa kufika chooni. Sisimizi walikuwa wamejipanga mstari mweusi mpaka mahali pale.

“Hii ni nini?” akaniuliza.

“Ni sisimizi, mama.”

“Naona ni sisimizi. Nauliza wanafuata nini kwako.”

Sikujua. Alimwambia mwanawe anirudishe kwetu nikatibiwe na watu wangu. Kwa kweli alikuwa ananirudisha, basi, kama mtu anavyorudisha sufuria iliyotoboka.

Ndivyo nilivyofika kwa daktari katika hospitali moja ya Nakuru, katika wodi ya Waafrika ambamo tulilala wawili wawili kitandani. Alikuwa mzungu kijana, mwembamba, masikio makubwa, Kiswahili chake cha kitabu. Alichukua mkojo wangu matone machache, akayatia ndani ya kibomba cha kioo chenye maji ya buluu, akakichemsha juu ya taa ya spiriti mbele yangu. Maji yakawa kijani, yakawa manjano, yakaishia kuwa mekundu kama tofali. Na yule kijana akafurahi. Mpaka leo sijalisahau lile. Alitabasamu, akamwita mwenzake, wakasimama wote wawili wakikitazama kibomba, halafu wakanitazama mimi.

Nilikuja kuelewa baadaye. Vitabu walivyosomea viliwaambia kwamba ugonjwa wa sukari ni wa wazungu na Wahindi, watu wa kula vizuri, sisi haututafuti. Mimi nilikuwa nimekuja na mkojo wangu kukikosoa kitabu. Aliniuliza babu yangu alikufa na nini, bibi alikuwa mnene au mwembamba, tulikula nini utotoni, tulikula nini sasa. Aliandika kila kitu. Alisema anakusanya habari za watu kama mimi, kwamba ni wachache sana anaowajua, na kwamba siku moja atazisoma mbele ya madaktari wenzake Nairobi. Nilimuuliza hao wengine wako wapi, nikaongee nao. Akasema mmoja amekufa, na mwingine yuko mbali, huko upande wa Magharibi. Basi nikajua sina mwenzangu.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na wenzangu, tena si mbali. Ng'ambo ya ua wa maua kulikuwa na hospitali ya wazungu, yenye baraza pana na viti vya kulalia. Dresa wetu, mzee wa kufunga vidonda aliyekuwa na mdomo kama kinu, aliniambia kuna memsahib amelazwa kule na ugonjwa ule ule wangu, dawa ile ile, na anapimiwa mkate wake kwenye mizani kabla ya kula. Nami nilipewa karatasi ya chakula iliyotafsiriwa kutoka kwao: nyama, mayai, samaki, mboga za majani, mkate kidogo uliopimwa. Nilikuwa natoka shamba ambako mfanyakazi hupewa posho, unga wa mahindi, wiki hadi wiki, na maziwa yaliyokwisha tolewa siagi. Niliisoma karatasi ile mara mbili, kisha nikacheka mpaka mgonjwa niliyelala naye akaamka akanigombeza.

Siku ya kutoka, daktari alinikalisha kitini akanifundisha. Nilikwisha jua kujidunga. Nilikuwa nimejifunzia kwenye chungwa kabla ya paja langu. Nilikwisha jua kuchemsha bomba la sindano na kuiweka chupa ya insulini ndani ya chungu chenye mchanga mbichi ili isipate joto. Alibakiza maneno mawili.

La kwanza: sukari niiache, kabisa.

La pili ni hili. Dawa yenyewe inaweza kuishusha sukari ya mwilini kupita kiasi, hasa nikijidunga halafu nisile. Nitatetemeka, nitatoka jasho baridi, nitaanza kusema ovyo kama mlevi. Hapo sukari ndiyo dawa, na isipopatikana upesi naweza kufa. Nibebe sukari kila ninapokwenda. Na watu wa nyumbani niwaambie, kwa sababu ikifika saa hiyo mimi mwenyewe sitakuwa na akili ya kueleza.

“Rudia,” akasema.

Nikarudia yote mawili, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza. Akaridhika.

Nilirudi Ndabibi nikalisema la kwanza tu.

Nimekuwa na miaka mingi ya kujiuliza kwa nini, na jibu halijabadilika. Ilikuwa chai. Nilikuwa nimechoka kuwa yule mwanamke wa mjini anayekataa vikombe vya watu. Na siku zile kukataa kikombe hakukuwa jambo la tabia peke yake. Watu walikuwa wakichukuliwa na askari kambini asubuhi na kuhojiwa, wengine hawarudi, na kila mtu alijiuliza nani anapeleka maneno. Mwanamke wa kabila lingine ambaye hali wala hanywi kwa watu, anaogopa nini? Anajua nini? Nilihitaji sababu moja ngumu, isiyo na mlango wa nyuma. Kwa hiyo nilipoitwa chai mara ya kwanza baada ya kurudi nilisimama mbele ya wanawake wote nikasema: daktari amenipima, sukari kwangu ni sumu. Nikionja nitakufa.

Sumu kila mtu anaijua. Walisikitika, wakanisogezea kiti. Sasa ningewezaje, siku hiyo hiyo, kuongeza kwamba lakini wakati mwingine sumu hiyo ndiyo dawa, na mnisaidie kunilisha? Wangesema, aha, kumbe. Kumbe ni maringo. Nilikuwa na sukari kidogo niliyopewa hospitalini imefungwa kwenye karatasi. Niliimwaga mferejini wiki hiyo hiyo nisije nikaonekana nayo.

Aliyelishika neno langu kuliko wote ni mama mkwe. Sijui ni nini kilimgusa. Labda ni kule kujua kwamba wale sisimizi hawakuwa uchawi, kwamba alitaka kumrudisha kwao mtoto mgonjwa. Alipita nyumba kwa nyumba kambini, kilemba kimekaa upande, fimbo mkononi.

“Nyinyi msikie. Huyu msichana ni wangu. Mtu akimpatia sukari, hata kidogo, hata akisema ni ya arusi, huyo mtu tutakosana mimi na yeye. Mmesikia?”

Wakasikia. Nani angethubutu kutosikia?

Tangu hapo alikuja kwangu kila asubuhi baada ya lori kuondoka. Alikohoa nje, akaingia, akakaa kwenye kigoda kunitazama nikichemsha bomba. Mara ya kwanza nilipojidunga alifunga macho. Mara ya pili alifungua moja. Daktari alikuwa amenipa maji ya buluu na daftari, niandike rangi ya kila asubuhi, na mama mkwe, ambaye hakujua kusoma, akawa ndiye wa kukata shauri. “Hiyo si manjano. Hiyo ni kijani ya nyasi kavu. Andika.” Tulibishana. Alinitania kwamba wengine wameoa wake wanaochunga ng'ombe, mwanawe ameoa mke wa kuchunga mkojo. Alinipikia chai yangu ya peke yake ndani ya kopo, maziwa na majani tu, akainywa pamoja nami ili nisinywe peke yangu, ingawa uso wake ulikunjamana kila alipomeza. Nilimpenda. Nalisema wazi kwa sababu ninakokwenda sasa msomaji anaweza kudhani vingine.

Mwaka uliofuata nikashika mimba.

Daktari hakufurahi safari hii. Alinieleza kwamba wanawake wenye ugonjwa huu hupoteza watoto wengi, hata wale wa ng'ambo ya ua wa maua, na kwamba tumaini langu liko kwenye sindano na kula kwa saa. Kila nilipokwenda Nakuru aliongeza kipimo cha dawa, maana mimba ilipanda na sukari ikapanda nayo. Nilipofika mwezi wa sita rangi yangu ya asubuhi ilikuwa buluu, yaani mkojo hauna sukari, siku nyingi kuliko siku ambazo haikuwa. Mtoto alicheza. Mama mkwe aliweka mkono akamsikia, akasema anapiga teke kama ndama. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani, na kitu hicho nilikuwa nacho ndani yangu, kinapiga teke.

Wakunga wa kambini walikuwa wakiniambia, mficha uchi hazai, sema unapoumwa, usione haya. Nami nikajibu sifichi kitu.

Siku ya posho kwetu ilikuwa Jumamosi. Kengele ya shamba ilipigwa, kila nyumba ikatoa mtu na gunia, karani akasimama mlangoni mwa stoo akaita majina. Jumamosi ile bwana shamba, yule mzungu, ndiye aliyekuwa na funguo na bwana shamba hakuwepo. Alikuwa amekwenda kuangalia ng'ombe upande wa mlimani. Mimi nilikwisha jidunga tangu alfajiri, kipimo kile kikubwa. Ndani ya nyumba hapakuwa na unga hata wa kukorogea uji. Ilikuwa mwisho wa wiki na wiki ilikuwa ndefu. Nikasema nitapanga foleni, nitapata, nitapika haraka. Tukasimama. Jua likapanda. Watu wakaanza kukaa chini juu ya magunia yao.

Jasho likanitoka mgongoni ingawa upepo wa asubuhi ulikuwa bado wa baridi. Nikajua. Hilo nataka lieleweke: nilijua ni nini, nikajua dawa yake ni nini, na nikajua nyumba ya mama mkwe iko karibu na kwamba ana mkebe wa sukari juu ya kabati. Nikaacha gunia pale, nikaenda.

Mengine nayakumbuka kwa vipande. Nakumbuka nimeshika mwimo wa mlango wake, naye amegeuka kutoka jikoni.

“Nipe sukari, mama.”

“Unasema nini?”

“Sukari. Sukari, haraka.”

Uso wake ukabadilika. Aliuona mkono wangu unatetemeka na macho yanahangaika, na akaelewa kwa namna alivyoweza kuelewa: kwamba ile tamaa ya kitu nilichojinyima mwaka mzima imenipanda kichwani, kama inavyompanda mtu wa pombe. Akaushusha mkebe kabatini akaukumbatia kifuani.

“Hapana, mtoto wangu. Hata ukilia.”

Nikamrukia. Nasikitika kusema nilimtukana kwa lugha yangu na kwa lugha yake, maneno ambayo sikujua nayajua. Nilimpiga begani. Nilitaka kumwambia lile neno la pili la daktari, lilikuwa pale, lakini ulimi ulikuwa umekuwa mnene na yaliyotoka yalikuwa uji wa maneno. Akaweka mkebe chini nyuma yake, akanishika mikono yote miwili, na alikuwa mwanamke wa nguvu, amekamua ng'ombe maisha yake yote. Analia. Hilo nalikumbuka kuliko yote, kwamba alikuwa analia. “Vumilia,” alikuwa akisema. “Itapita. Fikiria mtoto. Vumilia.”

Nikajing'oa mikononi mwake, nikaanguka juu ya jiwe la kizingiti, kwa tumbo.

Mume wangu aliporudi na lori alinikuta sisemi. Alinipakia pamoja na mitungi mitupu akaligeuza gari bila kumuuliza mtu ruhusa. Hospitali ya Naivasha walinitia sukari kwenye mshipa nikafumbua macho, kama mtu aliyeamshwa tu usingizini. Mtoto alitoka usiku huo. Alikuwa msichana.

Daktari wa Nakuru nilipomweleza alifungua daftari lake. Akasema huenda ni kule kuanguka, huenda ni ugonjwa wenyewe, huenda vyote. Yeye hawezi kuapa. Kisha akauliza, si kwa ukali, “Nyumbani ulikuwa umewaambia?” Nikamwambia ndiyo. Nilimdanganya mtu pekee aliyekuwa akiandika kila kitu changu, na pengine hilo nalo aliliandika kuwa kweli. Miezi michache baadaye alihamishwa. Alikuja kuniaga kwa heshima, akaniomba madaftari yangu yote, nikampa. Asubuhi zangu zote, manjano na kijani na buluu, pamoja na zile za miezi sita ya mwanangu, zikaingia sandukuni mwake zikaondoka. Sijui kama zilisomwa mahali.

Na mama mkwe? Mama mkwe alikuwa na hadithi.

Alianza kuisimulia wiki ile ile nilipotoka hospitali, kwa nia njema, kunifariji. Kwamba mtoto tumempoteza, ni kazi ya Mungu, lakini mimi mwenyewe nimepona, na nimepona kwa sababu gani? “Aliniomba sukari. Alinipiga, alinitukana, hapa bega lilivimba. Lakini sikumpa. Ningempa, leo tungezika wawili.” Wanawake waliitikia, kweli mama, umemwokoa. Aliisimulia kanisani. Aliisimulia kwa wageni waliokuja kutoka mashamba mengine. Kila mara alinitazama mwishoni, akingoja niitikie kwa kichwa, nami nikaitikia.

Mwanzoni nilinyamaza kwa hasira. Nilimchukia, sitaficha, nilikaa naye asubuhi tunakunywa ile chai chungu na ndani yangu nilikuwa namwambia, wewe. Baadaye hasira ikageuka ikanitazama mimi, maana nani alipita akitangaza sumu? Halafu mwishoni, hasira ilipokwisha, nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine. Mume wangu aliongea na injini kuliko na mimi. Dada zangu walikuwa Nakuru. Ningemwambia ukweli ningebaki na nani wa kubishana naye kuhusu rangi?

Sasa nilibeba sukari. Niliishona kwenye pindo la gaguro, gauni langu la ndani, vifundo vidogo vidogo, na nilipoona dalili niliingia chooni nikavitafuna kwa siri, nikajipangusa mdomo, nikatoka. Nikawa mwizi wa dawa yangu mwenyewe. Hivyo nikaishi miaka miwili.

Siku ya kliniki ya Nakuru mume wangu kwa kawaida alinipandisha gari moshi Naivasha nikaenda peke yangu. Lakini mwaka ule nilikuwa dhaifu, nikawa na kidonda cha mguu kisichotaka kupona, na mama mkwe akasema atanisindikiza, ameomba barua. Alivaa viatu. Alikaa dirishani njia nzima akihesabu ng'ombe wa watu.

Hospitalini hapakuwa tena na daktari wa kutuandika. Alikuwa yule yule dresa mzee mwenye mdomo kama kinu, sasa amepewa meza yake. Mbele yetu kwenye benchi kulikuwa na mwanamume wa makamo na mkewe, yule mume akiwa mgeni wa ugonjwa, ametoka juzi kuambiwa. Nilimtazama kwa furaha ya ajabu. Nilikuwa sijawahi kumwona mwingine. Nikataka kumshika mkono nimwambie karibu.

Dresa akaanza kuwafundisha, kwa sauti ya kutosha benchi lote.

“Sukari wacha. Mmesikia? Sasa mama, wewe ndiye nyumba, sikia hii ingine. Ukiona bwana anatetemeka, jasho, anasema maneno ya wazimu, anataka kupiga watu, hiyo ni dawa imekuwa kali. Patia yeye sukari mbio mbio. Asipotaka, tia kwa mdomo na nguvu. Ukichelewa utazika. Sema tena.”

Yule mke akasema tena.

Sikumtazama mama mkwe. Nilitazama miguu yake ndani ya vile viatu. Haikusogea. Tulipoitwa tuliingia, kidonda kikasafishwa, chupa za dawa nikapewa, tukatoka. Alitembea mbele yangu mpaka stesheni. Kwenye benchi la stesheni alikaa, akaweka kikapu magotini.

“Ile siku. Kijiko kimoja kingetosha?”

“Hapana, mama. Haikuwa hivyo. Daktari alisema ni kuanguka.”

Lakini nilikuwa nimechelewa kujibu. Yeye aliisikia ile nafasi kati ya swali na jibu, nami nikamwona anaisikia.

“Miaka miwili,” akasema polepole. “Umeniacha nasimama kanisani najisifu.”

Nilikuwa nimejiambia kwamba ninamhurumia.

Gari moshi lilikuwa bado. Mchukuzi alipita na mkokoteni. Mama mkwe alifungua kikapu, akakifunga bila kutoa kitu. Halafu akageuka akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu hospitali, na nilidhani atanitukana, na ningefurahi.

“Kabla ya ile siku, wewe ulikuwa unajua?”

Hapo sikuchelewa.

“Nilijua.”

Aliitikia kwa kichwa, kidogo, kama mtu aliyeulizia njia akaonyeshwa. Gari lilipokuja alipanda, akakaa, akaweka kikapu kwenye nafasi ya kando yake. Nilikaa benchi la nyuma. Ziwa la Elementaita likapita, Gilgil ikapita, na sikusikia akihesabu ng'ombe.

Naivasha mume wangu alikuwa anatungoja na lori. Aliuliza kama kwema, mama yake akajibu kwema. Kisha, yeye ambaye siku zote alikaa mbele karibu na mwanawe, akazunguka nyuma, akapandisha kikapu, akapanda mwenyewe akiwa na viatu vyake, akakaa katikati ya mitungi. Mume wangu aliniuliza kuna nini. Nikasema amechoka. Nikapanda mbele, nikakaa mahali pake, na njia yote ya Ndabibi nilimsikia nyuma yangu kila mitungi ilipogongana, na sikuthubutu kugeuka.